Uzi maalumu: Dira, kibla na bikari. Sindano inasema nini hapa Dar, na wapi inadanganya

Sindano_Nyekundu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za saa hizi.

Neno "kompasi" hapa mjini limebeba mizigo mingi. Mwanafunzi akitumwa Kariakoo kununua kompasi anarudi na kidude cha miguu miwili cha kuchorea duara, ambacho kwa Kiswahili ni bikari. Mtu wa chombo akisema kompasi anakusudia dira, yaani sindano ya sumaku. Ukienda maofisini ukasema "dira", mtu anafikiria Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050. Hiyo ina jukwaa lake la siasa, tuiache hukohuko.

Kabla ya kushika dira jiulize: kazi hii inavumilia kosa la nyuzi ngapi? (Nyuzi za pembe, 360 kwenye duara, si huu uzi wetu.) Kosa la nyuzi 1 ukitembea mita 20 linakupeleka pembeni sentimita 35. Kwenye mita 100 ni mita 1.75. Kwenye kilomita 1 ni mita 17 na ushee. Kwa hiyo dira ileile inafaa sana kwa jambo moja na ni hatari kwa jingine.

Mambo mawili ya hapa kwetu:

Kwanza, sindano haielekei kaskazini ya kweli, inaelekea kaskazini ya sumaku. Dar tofauti ni ndogo, kama nyuzi 2 hivi hadi 3 upande wa magharibi. Ukitoa mwelekeo kwenye ramani kwenda kwenye dira, ongeza hizo nyuzi. Ukitoa kwenye dira kwenda kwenye ramani, punguza. Tofauti hii inabadilika polepole mwaka hadi mwaka, na sehemu nyingine za dunia ni kubwa mno, kwa hiyo msikariri ya Dar mkaenda nayo safari.

Pili, sindano hailali sawa. Nguvu ya sumaku ya dunia ina mwinamo. Mstari ambao mwinamo wake ni sifuri unapita Afrika karibu na Ethiopia, kaskazini yetu. Sisi tuko kusini yake, kwa hiyo ncha ya kusini ndiyo inayovutwa chini. Dira zinazotengenezwa kwa soko la Ulaya zimewekewa kizito kidogo ncha ya kusini ili kusawazisha mwinamo wa kule. Ukiileta Dar, kizito kinaongezea mwinamo wa huku: ncha ya kusini inagusa bakuli, sindano inakwama, nawe unasoma uongo ukidhani imetulia. Kampuni za dira hugawa dunia kwa kanda. Soma nyuma ya kasha kama imesawazishwa kwa ukanda wetu au kwa dunia nzima.

Karibuni mchangie.

---

Kifaru_Mpole

Mkuu, mtu akiwa dukani anaitambuaje dira nzima na mbovu? Za mezani zipo za bei chee, za bakuli lenye maji zipo, za kijeshi za kufunika zipo.

---

Sindano_Nyekundu

Jaribio linachukua dakika mbili. Toka nje ya duka kwanza, maana mle ndani kuna rafu za chuma na spika.

Shika dira sawa kifuani, subiri itulie, soma namba. Sogeza kisu au ufunguo ukitoka upande wa mashariki mpaka sindano ichepuke nyuzi 20 hivi, kisha uondoe haraka. Sindano inatakiwa irudi kwenye namba ileile. Rudia ukitokea magharibi. Ikirudi na tofauti ya nyuzi 1 au 2, sawa. Ikibaki na tofauti ya 5, mhimili umechakaa au ncha inasuguana: rudisha.

Kisha iinamishe kidogo kila upande. Kama inakwama ukiinamisha kidogo tu, ni ile habari ya kanda.

Mwisho, hakikisha ncha nyekundu inaelekea kaskazini kweli. Asubuhi simama jua likiwa mkono wako wa kulia: mbele yako ni kaskazini. Kuna dira zinauzwa zimeshageuka sumaku kwa kulazwa karibu na spika au simu. Nyekundu inaelekea kusini na muuzaji hana habari.

---

Ustadhi_wa_Temeke

Assalaam alaykum. Nichangie upande wa kibla, maana vyumba vya kupanga vimejaa mishale ya ajabu dari nzima.

Makka iko longitudo 39.8 mashariki, Dar iko 39.3. Tumekaa karibu mstari mmoja. Kwa hiyo kibla cha Dar ni kaskazini, kwa hesabu ni kama nyuzi 1 tu mashariki ya kaskazini ya kweli, umbali wa kilomita 3,100 hivi. Ukiingiza ile tofauti ya sumaku, sindano ya dira itasoma kama nyuzi 3 au 4. Programu ya simu ikikuonyesha nyuzi 60 au 290 ukiwa Mbagala, haijui ulipo. Fungua ruhusa ya mahali, au programu imebaki na mji wa mwenye kuitengeneza.

Zile dira za kibla zenye namba 1 hadi 40 na kijitabu cha miji mzitazame vizuri. Namba ya mji mmoja haifanyi kazi mji mwingine, na kuna watu wanaweka sindano kwenye namba ya Cairo kwa sababu ndiyo ya kwanza kwenye orodha.

Asiye na dira ana njia ya uhakika kuliko dira. Tarehe 27 au 28 Mei, saa 6:18 mchana kwa saa zetu (saa za Makka na za hapa ni zilezile), jua linakuwa juu kabisa ya Al-Kaaba. Tena tarehe 15 au 16 Julai, saa 6:27 mchana. Simamisha kijiti wima kwa timazi sehemu tambarare. Kijiti cha mita 1 kitatoa kivuli cha sentimita 53 hivi kwa ile ya Mei. Chora mstari kutoka ncha ya kivuli kuelekea shina la kijiti: huko ndiko kibla. Kivuli chenyewe kinaelekea kinyume, msichanganye. Ukikosa siku yenyewe kwa mawingu, siku moja kabla au baada kosa ni dogo sana.

Mafundi wa ujenzi nao wasikie. Wengi wanaomba choo kisielekee kibla wala kukipa mgongo. Kwa Dar maana yake sinki la choo litazame mashariki au magharibi. Ukishamwaga zege na kuweka bomba la inchi 4, kugeuza ni kuvunja.

Na kaburi: linachimbwa kwa urefu mashariki–magharibi, kichwa mashariki, miguu magharibi, mwanandani upande wa kaskazini. Maiti akilazwa ubavu wa kulia anaelekea kibla. Wachimbaji hufuata safu ya makaburi ya jirani, na kama la kwanza lilipinda, safu nzima inapinda. Vigingi viwili na kamba vinatosha kunyoosha.

---

Dada_wa_Sinza

Wa alaykum salaam Ustadhi, Mungu akulipe. Swali: ndani ya chumba simu inasema kaskazini ni huku, nikisogea kwenye dirisha inasema kule. Nifuate ipi?

---

Ustadhi_wa_Temeke

Usifuate yoyote ya ndani, dada yangu. Zege lina nondo, dirisha lina grili, pembeni kuna friji. Toka uani, kaa mbali na gari na mabati, pata mwelekeo, kisha ulinganishe na ukuta wa nyumba: "ukuta huu mrefu unaenda kaskazini, umekengeuka kidogo kulia". Ingia ndani na hesabu ya ukuta. Ukuta haubadiliki ukisogea.

---

Kipimo_Sahihi

Niongeze kuhusu simu, kwa sababu nusu ya matatizo yako hapo.

Dira ya simu ni kihisi kidogo cha sumaku. Simu nyingine za bei nafuu hazina kabisa: programu inafunguka, picha ya dira inaonekana, lakini haigeuki ukigeuka. Kwenye Samsung nyingi piga *#0*# uingie kwenye majaribio ya vihisi uangalie kama kipo. Kama hakipo hakuna programu itakayokiumba, ila ramani itajua uelekeo wako ukiwa unatembea, kwa kufuata mabadiliko ya mahali.

Kama kipo na kinayumba, vua kava kwanza. Kava lenye sumaku la kufunga kama pochi na zile pete za kubandikia simu kwenye gari ni adui namba moja. Kisha zungusha simu hewani kwa umbo la namba nane, mara tatu au nne, ukiigeuza kila upande. Baada ya hapo igeuze duara zima polepole: inatakiwa namba zipite mfululizo bila kuruka.

iPhone ina sehemu ya kuchagua kaskazini ya kweli kwenye mipangilio ya dira. Ukiiwasha usiongeze tena zile nyuzi 2 au 3, utakuwa umesahihisha mara mbili. Hili kosa ni la watu wanaojua, si la wasiojua.

Kipimo cha haraka cha chuma kilichojificha: soma namba, piga hatua tatu upande wowote, soma tena ukilenga kitu kilekile cha mbali. Tofauti ikizidi nyuzi 5, chini au ubavuni kuna chuma.

---

Kifaru_Mpole

Na nyaya za TANESCO? Huwa tunaambiwa ukae mbali nazo.

---

Kipimo_Sahihi

Zinasingiziwa. Umeme wa gridi unageuka uelekeo mara 100 kwa sekunde, sindano haina mbio hizo, inabaki palepale. Kinachovuta ni mnara wa chuma wenyewe. Umeme unaopinda dira ni ule wa betri, usiogeuka: waya wa gari, wa sola, wa mashua.

---

FundiDishi_Tabata

Kazi yangu hii, ngoja nimwage mchele.

Kwa Dar, ving'amuzi vya satelaiti iliyoko nyuzi 7 mashariki (Azam wako huko): dishi lielekee nyuzi 281 za kweli, yaani magharibi na kidogo kaskazini, na jicho liinuke nyuzi 52 hivi. Kwa satelaiti ya 36 mashariki (DStv): nyuzi 334 na kuinuka 81, karibu utosini. Kwenye dira ongeza zile 2 au 3.

Watu wanahangaika na mwelekeo wa dira kwa ile ya 36 bure. Dishi likiwa limeinuka 81, kosa la nyuzi 5 kwenye mwelekeo linakutoa kwenye satelaiti chini ya nyuzi 1, lakini kosa la nyuzi 2 kwenye kuinuka linakutoa kabisa. Kwa ile ya 7 kosa la mwelekeo la nyuzi 5 linakutoa nyuzi 3, nalo dishi la sentimita 90 linaona upana wa kama nyuzi 2 tu. Kwa hiyo huku dira ina kazi, kule kazi ni ya kipimo cha mwinuko.

Namna ya kufanya. Bomba lisimame wima, pima kwa pima maji pande mbili. Bomba likilala, namba zote za mwinuko ni uongo. Funga mwinuko kwanza kwa ile skeli ya kwenye bano. Dishi hili la offset (ambalo kichwa cha kupokea hakikai katikati) lina jicho linalotazama juu zaidi ya uso wa dishi, ndiyo maana dishi la 52 linaonekana kama limesimama. Fuata skeli, usifuate jicho lako.

Sasa dira. Usisome ukiwa umeshika bomba wala juu ya bati. Shuka, simama mita 4 nyuma ya bomba, lenga mwelekeo, tafuta alama ya mbali: kichwa cha mnazi, kona ya ghorofa, tangi la maji. Panda juu, geuza dishi litazame alama hiyo. Hapo umemaliza na dira, irudishe mfukoni.

Kilichobaki ni king'amuzi. Sogeza ukingo wa dishi sentimita 1, subiri sekunde 4 au 5, sogeza tena. Wanaokosa wengi wanazungusha haraka, king'amuzi hakipati muda wa kushika. Tazama ubora wa mawimbi, si nguvu. Nguvu inaonekana hata dishi likitazama ukuta. Mwisho zungusha LNB (kile kichwa cha kupokea mawimbi) kwenye kishikio chake. Kwa ile ya 7 inalazwa sana huku kwetu, zaidi ya nyuzi 70 kutoka wima, na ndipo ubora unaporuka kutoka 40 hadi 80.

Mti wa jirani ukiota mbele baada ya miaka miwili, usimlaumu fundi.

---

Mama_Goba

Wakuu, kuna dalali anapima viwanja vya watu huku kwa dira ya simu, anaweka vigingi na anachukua hela. Ni halali hiyo kitaalamu?

---

Bikoni_Haling'olewi

Mama, rudi kwenye hesabu ya mwanzisha uzi. Kiwanja cha mita 20 kwa 30. Simu ikikosea nyuzi 5, jambo la kawaida kabisa, kwenye ule upande wa mita 30 kigingi kinahama mita 2.6. Huo ni ukuta wa jirani. Na nukta ya mahali ya simu yenyewe inayumba mita 3 hadi 5 hata mahali pa wazi.

Mpaka unawekwa kwa viwianishi vya ramani ya upimaji iliyoidhinishwa, na bikoni (alama za mpaka) zinawekwa na mpimaji aliyesajiliwa mwenye kifaa cha setilaiti cha kiwango cha sentimita au darubini ya kupimia. Dar ipo ukanda wa 37 kusini kwenye gridi ya UTM (mfumo wa ramani unaogawa dunia kwa kanda). Mtu akikupa namba za viwianishi bila kusema zimetoka kwenye mfumo gani wa rejea, wa zamani au mpya, namba hizo zinaweza kukuhamisha mamia ya mita. Watu wamekutana na "kiwanja kimehama" kumbe mfumo ndio umehama.

Dira ina faida moja kiwanjani: kuhakiki mshale wa kaskazini kwenye mchoro. Simama barabarani, geuza karatasi mpaka mshale wake ulingane na sindano, kisha tazama kama barabara na mtaro viko upande uleule. Kama mchoro unasema barabara iko kusini na unaiona kaskazini, mchoro si wa hapo.

---

Msingi_Imara

Kwa wanaotaka kujenga: kabla ya kuchimba msingi, dira dakika tano inakuokolea bili ya feni na AC.

Kuta ndefu zenye madirisha ziwe kaskazini na kusini. Kuta fupi ziwe mashariki na magharibi, madirisha machache. Sababu ni urefu wa jua. Mwezi Juni jua la mchana linakaa kaskazini yetu, urefu wa nyuzi 60. Bati lililotokeza sentimita 75 linatupa kivuli cha mita 1.3 kwenye ukuta wa kaskazini. Desemba jua liko kusini, urefu wa nyuzi 73, bati hilohilo linafunika mita 2.5. Dirisha limepona pande zote. Lakini jua la saa kumi jioni liko chini, linaingia ubavuni upande wa magharibi, na bati haliwezi kulizuia hata ulitokeze mita. Huko weka stoo, bafu, ngazi au panda mti.

Upepo: kusi unatoka kusini na kusini-mashariki, kaskazi kaskazini-mashariki. Madirisha ya pande hizo yawe na wenzake upande wa pili, upepo upite. Hapa kosa la nyuzi 10 au 15 halina neno, usibishane na fundi kwa ajili ya nyuzi 3.

---

Jua_Kali

Sola: hapa Dar paneli itazame kaskazini, mwinamo nyuzi 10, ili mvua ioshe vumbi. Kwa mwinamo mdogo hivyo, ukikosea mwelekeo nyuzi 20 hasara huioni. Kivuli cha tangi au mwembe ndicho kinachoua umeme.

---

Omo_na_Tezi

Nimesoma yote, sasa tushuke majini. Ndani ya chombo dira si kifaa cha mfukoni, ina mahali pake.

Ifungwe katikati, mstari wa mbele wa dira uwe sambamba na mkuku (uti wa chini wa chombo), kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma). Ukiufunga umepinda nyuzi 5, kila safari itapinda nyuzi 5. Kutoka mlango wa bandari ya Dar hadi Mji Mkongwe ni maili 40 za bahari hivi, na kosa hilo linakutupa maili 3 na nusu pembeni. Usiku hiyo inatosha kukupandisha mwambani.

Mita 1 kuzunguka dira kusiwe na injini, spika, simu, redio, panga wala mkebe wa vifaa. Nanga inayohamishwa kila mara ni mbaya kuliko injini isiyohama, maana kosa la injini unaweza kulijua na kuliandika, la nanga linabadilika kila siku. Waya wa taa ya dira usokotwe, chanya na hasi pamoja, ili sumaku zao ziuane. Kama alivyosema mkuu hapo juu, umeme wa betri unapinda.

Kupima kosa la chombo: tafuta alama mbili za nchi kavu zinazokaa mstari mmoja na zipo kwenye ramani ya bahari. Pita kwenye mstari huo omo likitazama kila upande wa nane, kila mara linganisha dira na ramani, andika tofauti. Karatasi hiyo ibandikwe karibu na usukani. Ukibadilisha injini, pima upya.

Na dira haijui maji yanakwenda wapi. Mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima, wakati wa kusi unaongeza nguvu. Omo linaweza kusoma sawasawa na chombo kikawa kinasombwa. Ukivuka kwenda mashariki hesabu hilo, ukielekea kaskazini litakufikisha mapema.

---

Mwalimu_wa_Miguu_Miwili

Bikari imesahaulika, naitetea.

Kasoro tatu zinazoharibu duara: skrubu ya kichwa imelegea, kwa hiyo nusu kipenyo kinapanuka ukiwa unazungusha na duara halifungi, penseli butu, na sindano fupi kuliko penseli. Sindano itokeze kidogo kuliko penseli, kama milimita 1, kwa sababu inazama kwenye karatasi. Weka gazeti au kadi chini ya karatasi, ukiwa juu ya meza tupu ya mbao ngumu sindano inateleza. Shika kichwa kwa vidole viwili, usishike miguu. Na kwenye mtihani usifute matao ya ujenzi: ndiyo yanayoonyesha umetumia bikari, si kipimapembe.

Mafundi wa kuchomelea wanaihitaji kuliko wanafunzi. Unataka matundu 6 ya bolti kwenye flanji, duara la bolti kipenyo chake milimita 120. Piga panchi kitovu, fungua bikari milimita 60, chora duara. Usibadilishe upana wa bikari. Weka sindano popote kwenye duara, kata tao, hamia kwenye makutano, kata tena. Hatua ya sita inarudi ulipoanzia kwa sababu nusu kipenyo kinaingia mara sita kamili. Isiporudi, ikapungua au kuzidi milimita 2, bikari imelegea njiani: kaza, anza upya, usigawanye kosa kwa macho. Ukitaka matundu 12, gawa kila pembe katikati kwa matao mawili.

---

Dada_wa_Sinza

Asanteni sana wakuu. La mwisho: dira ya maji ya mdogo wangu imeingia povu ndani. Itupwe?

---

Sindano_Nyekundu

Povu dogo kama punje ya dengu halina shida. Linatokea kwa baridi au ukipanda juu, kisha linapotea ukishuka au ukiiweka sehemu ya joto. Likiwa kubwa kiasi cha kugusa sindano na kuisukuma, au likiongezeka kila wiki, bakuli limepasuka na maji yanavuja, hapo haina dawa. Mwambie tu asiiache kwenye dashibodi ya gari juani. Joto ndilo linalopasua, na spika ya mlangoni ndiyo inayogeuza sumaku.

Ikiwa imeshageuka, tafuta sumaku yenye nguvu ambayo ncha zake unazijua. Kwa kuwa ncha zisizofanana huvutana, ncha ya kusini ya sumaku ndiyo inayoivuta ncha ya kaskazini ya sindano. Kwa hiyo sugua juu ya kioo kutoka katikati kwenda kwenye ncha nyekundu kwa upande wa kusini wa sumaku, upande mmoja tu, inua, rudia mara kadhaa. Kisha toka nje, jua la asubuhi mkono wa kulia, uangalie nyekundu inatazama wapi.